Kisukari na Ushuhuda wa Damu

Waganga wa kale wa India waliutambua ugonjwa wa kisukari kwa sisimizi waliokusanyika palipomwagika mkojo wa mgonjwa. Walitazama kitu kimoja tu, sukari iliyokwisha kuzidi, na hata leo twategemea mno kitu hicho kimoja.

Kipimo mashuhuri cha siku hizi hupima sukari iliyonata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo jibu lake hueleza hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Lakini kipimo hiki hudhania kwamba damu za watu wote ni sawa, jambo ambalo si kweli. Malaria imeacha alama yake katika Kanda ya Ziwa: watu wengi wamerithi chembe za selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, nazo huwakinga na malaria kali. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba Wamarekani weusi wenye urithi huo husomeka chini kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Basi mkulima wa Kamachumu, wilayani Muleba, aweza kuambiwa kuwa ni mzima ilhali macho na figo zake zimeanza kudhurika.

Ndiyo maana uchunguzi wa umetaboli wastahili kuangaliwa. Mwili huvunja chakula na kukijenga upya kwa hatua nyingi, na kila hatua huacha kemikali zake katika damu. Mashine huzitenganisha kwa uzito na kupima mamia yake kwa mara moja. Mwaka 2011 watafiti wa wakazi wa Framingham, Marekani, walitangaza kwamba asidi amino tano, zikiwamo lusini, valini na tirosini, huzidi hata miaka 12 kabla ya kisukari kujitokeza.

Hata hivyo, wengi wa wakazi hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Orodha yao haina budi kujaribiwa upya kwa mla ndizi na maharage wa Bukoba, tena baada ya kumwuliza kama jana jioni alikunywa rubisi! Na damu yenyewe haisubiri. Ikikaa katika kichupa bila kupoozwa na kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na mashine ya mbali itapima safari badala ya mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya mashine, zahanati ya kijijini yahitaji barafu na umeme usiokatika.