Je, Wajua? Ghorofa Lililoinama Kulipisha Kanisa

Jengo la Leadenhall mjini London, lililokamilika mwaka 2014, lina urefu wa takriban mita 225, na upande wake mmoja umelala mshazari toka chini hadi kileleni. Si urembo tu. Anayetazama kutoka Fleet Street huliona kuba la Kanisa Kuu la St Paul, kazi ya msanifu Christopher Wren, bila ghorofa hilo kulibana.

Tangu miaka ya 1930 jiji limekuwa na kanuni za kulinda mandhari ya kanisa hilo.

Hata kutoka kilimani Richmond, zaidi ya kilomita 15, kuba huonekana kupitia uwazi uliokatwa kati ya miti. Mwaka 2016, ghorofa jipya la Stratford lilipochomoza nyuma yake, malalamiko yalikuwa makubwa.