GOFU: Namna kichwa kinavyotuliza au kuvuruga mikwaju

KATIKA viwanja vya gofu humu nchini, hakuna ushauri unaotolewa kwa wingi kama ule wa kumtaka mchezaji asiinue kichwa. Hutolewa na wachezaji wenza na wabebaji wa mifuko ya fimbo, na aghalabu mchezaji mwenyewe hujilaumu vivyo hivyo pindi mpira unapobingirika mita chache tu nyasini.

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, ukifuatwa kibubusa, unaweza kumharibia mchezaji mkwaju na hata kumuumiza shingo na mgongo.

Kwa wachezaji wa kulipwa, suala hili linahusu riziki. Katika mashindano ya Kenya Open, yaliyoanzishwa 1967 na kuingizwa katika ratiba ya ziara kuu ya Ulaya mnamo 2019, wachezaji huchujwa baada ya mashimo 36. Anayeshindwa kuvuka mchujo kwa mkwaju mmoja tu hufunganya virago bila mgao wowote wa fedha za zawadi.

Mkwaju huo mmoja unaweza kupotea kwa sababu ya sentimita mbili za mwendo wa kichwa.

Duara na kitovu chake

Fimbo inapozungushwa, ncha yake huchora umbo linalokaribia duara. Kitovu cha duara hilo kiko karibu na sehemu ya chini ya shingo, baina ya mabega. Kichwa cha mtu mzima, ambacho uzani wake ni takriban kilo 5, kimekaa juu ya kitovu hicho. Kichwa kikihama, uti wa mgongo na mabega huelekea kukifuata, na duara zima huhama pia.

Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 au zaidi kidogo, kwa hivyo nusu ya kimo chake ni kama milimita 21. Mabega yakipanda kwa sentimita mbili huku mikono ikiwa imenyooka, ukingo wa fimbo uliotarajiwa kupita chini ya mpira hukutana nao katikati. Mpira hupaa chini kwa chini au hukwaruzwa juu na kubingirika.

Mabega yakishuka kwa kiasi hicho hicho, fimbo huchimba udongo kabla ya kuufikia mpira, na nguvu nyingi hupotelea ardhini.

Mwendo wa kando una athari zake pia. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, kichwa kikisukumwa upande wa kulia wakati wa kuinua fimbo na kisirejee, sehemu ya chini kabisa ya duara hubaki nyuma ya mpira. Matokeo yake ni kupiga ardhi kwanza. Kichwa kikitangulia kushoto kupita kiasi, fimbo huufikia mpira kwa pembe kali mno, na mara nyingi uso wake huwa bado haujageuka kuelekea shabaha.

Kuteremsha fimbo hadi mpirani huchukua takriban thuluthi moja ya sekunde au hata pungufu. Muda huo hautoshi kurekebisha kosa ambalo limekwisha kutokea. Ndiyo maana mchezaji ambaye kichwa chake hurudi mahali pale pale kila mara hupiga mikwaju inayofanana, ilhali yule ambaye kichwa chake huyumba hulazimika kubahatisha.

Mabingwa wanafunza nini?

Jack Nicklaus wa Marekani, aliyetwaa mataji 18 makuu kati ya 1962 na 1986, alifunzwa somo hili akiwa mtoto mjini Columbus, Ohio. Msaidizi wa kocha wake, Jack Grout, alikuwa akimshika nywele huku akipiga mipira. Kila kichwa kilipoyumba, maumivu yalimkumbusha.

Lakini hata Nicklaus hakukifunga kichwa kama aliyepigiliwa msumari. Kabla ya kuinua fimbo alikuwa na mazoea ya kugeuza kidevu kidogo upande wa kulia, ili mabega yapate nafasi ya kuzunguka.

Annika Sörenstam wa Uswidi, mshindi wa mataji 10 makuu, alikwenda mbali zaidi. Fimbo yake ilipokuwa ikigusa mpira, uso wake ulikuwa tayari unageuka kuelekea shabaha. Mnamo 2001 alimaliza raundi kwa mikwaju 59. David Duval wa Marekani, aliyekuwa na mtindo kama huo, alipata mikwaju 59 mnamo 1999 na kushinda British Open 2001.

Mifano hiyo inaonyesha kuwa kuna tofauti kubwa kati ya kichwa kugeuka na kichwa kuhama. Kikigeuka juu ya shingo, kitovu cha duara hubaki palepale. Kikipanda, kikishuka au kikienda kando, kitovu huhama nacho.

Dalili si ugonjwa

Mara nyingi kichwa huinuka kwa sababu mwili umekisukuma juu. Magoti yakinyooka mapema, nyonga zikisogea kuelekea mpirani au uzito ukikwama katika mguu wa nyuma, kifua huinuka na kichwa hufuata. Anayejikaza kutazama chini bila kurekebisha miguu na nyonga hutibu dalili na kuacha ugonjwa.

Isitoshe, kukilazimisha kichwa kubaki chini baada ya mpira kuondoka huzuia mabega kumaliza mzunguko. Shingo na sehemu ya chini ya mgongo hubeba mzigo huo, na wachezaji wa umri mkubwa ndio huathirika zaidi.

Mazoezi rahisi

Zoezi la kwanza ni la kivuli. Mchezaji husimama jua likiwa mgongoni, kisha huweka mpira ndani ya kivuli cha kichwa chake. Azungushapo fimbo, huchunguza kama kivuli kinauacha mpira huo. Asubuhi au jioni ndio wakati mwafaka, kwa kuwa adhuhuri katika maeneo ya ikweta kivuli huwa kifupi mno.

La pili ni la ukutani. Mchezaji huinama kama anayetaka kupiga, huegemeza paji la uso ukutani taratibu, hukunja mikono kifuani na kuzungusha mabega. Kichwa kikiteleza au kuachana na ukuta, hutambua papo hapo.

Karibu na shimo, mwendo wa kichwa huyumbisha mabega na kupotosha uso wa fimbo. Kosa la digrii moja tu kwa umbali wa mita 3 huupotosha mpira kwa takriban sentimita 5, karibu nusu ya upana wa shimo, ambao ni sentimita 10.8. Kwa mikwaju hiyo mifupi, mchezaji anashauriwa kungoja kuusikia mpira ukitumbukia kabla ya kuinua macho.

Kwa mikwaju mirefu, kichwa kitulie hadi mpira uondoke, kisha kiachwe kifuate mabega.