Maji Ukiyavulia Nguo

Ndugu msomaji, hebu jifikirie uko Sanje. Umetoka nyumbani alfajiri pamoja na familia, mkapita Kidatu na mashamba yake ya miwa, mkapanda mlima wa Udzungwa taratibu nyuma ya mwongozaji. Sasa mmefika kwenye maporomoko yenye urefu wa mita 170, na mbele yenu maji baridi yametuama kati ya mawe. Watoto wamekwisha jitosa. Baba naye, pamoja na kitambi chake, amewafuata huku akipiga kelele za baridi. Mama peke yake ameketi juu ya jiwe, kanga imemfunika hadi vifundoni, analinda viatu.

Ukimwuliza kwa nini haingii, atakujibu kwamba leo hajisikii. Lakini ukweli anaujua mwenyewe. Ndani ya mkoba wake limo vazi la kuogelea ambalo halijapata kulowa tangu alinunue. Analiogopa, au tuseme, anawaogopa watakaomwona amelivaa. Wataliona tumbo lililozaa watoto watatu, wataiona michirizi ya mapajani, wataliona na kovu la mguuni. Makala haya yanamhusu mama huyo, na yumkini yanakuhusu na wewe.

Mavazi ya wanawake si mada mpya katika nchi yetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na madawa ya kujichubua, na watu wakabishana sana. Wakati ule swali lilikuwa jamii ikataze nini. Mama wa jiweni hakukatazwa na mtu. Amejikataza mwenyewe, kwa kuwa amejipima na msichana wa kwenye tangazo, ambaye pengine hajazaa, na ambaye picha yake imekwisha safishwa na mafundi kabla ya kuchapwa.

Basi tuteremke kutoka mlimani hadi Ifakara, msimu wa mpunga. Huko utawaona akina mama wameingia majarubani, kanga zimekunjwa mpaka magotini, miguu imezama matopeni. Hakuna amwulizaye mwenziwe habari za unene wa paja. Mguu ulio imara ndio unaosifiwa. Mguu huo huo ukipelekwa penye maji ya starehe hugeuka kuwa aibu. Mguu haukubadilika, kilichobadilika ni jicho linaoutazama.

Na ile michirizi inayotukosesha raha ni nini hasa? Ni alama za ngozi iliyotanuka upesi kuliko ilivyoweza kuhimili, aghalabu wakati wa ujauzito au wa balehe. Hata wanaume wanayo. Si ugonjwa wala si uchafu, na rangi yake hufifia kadiri miaka inavyopita. Kuhusu makovu na vilema, wahenga wetu walikwisha tuonya tusichekane: hujafa hujaumbika.

Pengine utasema kwamba haya ni mambo ya starehe tu. Sivyo, ndugu msomaji. Asiyeingia majini hawezi kujifunza kuogelea, na Bonde la Kilombero ni nchi ya maji, linalotambuliwa tangu mwaka 2002 na Mkataba wa Ramsar kuwa eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa. Januari 2016 kivuko kilipinduka katika mto Kilombero. Daraja lililozinduliwa mwaka 2018 limewaondolea wasafiri adha hiyo, lakini mitumbwi ya wavuvi, mifereji na mafuriko bado vipo. Binti anayemwona mama yake akilinda viatu kila mwaka, naye hujifunza kulinda viatu. Siku atakapoteleza ukingoni, aibu aliyoirithi haitamwelea.

Wala usidhani ninakutuma mtoni. Kilombero ina mamba na viboko, na mto huo si mahali pa kujifunzia. Anzia kwenye bwawa la kuogelea, au mahali ambapo wenyeji wanajua kuwa ni salama, ukiwa na mtu ajuaye kuogelea.

Kuhusu vazi lenyewe, yafaa kuzingatia mambo manne. Kwanza, nunua linalokutosha leo, si la mwili unaoutamani. Lijaribu: inama, chuchumaa, inua mikono. Likikaa mahali pake bila kukubana, ndilo lako. Pili, usiogelee na kanga, kwani ikilowa huwa nzito na huzonga miguu. Tatu, ukipenda kujisitiri, kujisitiri si kizuizi. Mwaka 2004 Aheda Zanetti wa Australia alibuni vazi la kuogelea linalofunika mwili tangu kichwani hadi miguuni, na huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya namna hiyo. Heshima yao haikupungua, na maji hayakuwakataa. Nne, livae kwanza chumbani kwako, ukunje nguo au utandike kitanda, hata ulisahau. Mwili ukilizoea vazi, macho ya watu hupungua uzito.

Na ninyi akina baba, pamoja na mashemeji wenye utani, mna sehemu yenu. Neno "bonge" au "kimbaumbau" hutamkwa mara moja kwa mzaha, likakaa moyoni mwa mtu miaka kumi. Mtoto wa kike anayesikia mwili wa mama yake ukichekwa huanza siku hiyo hiyo kuutilia shaka wa kwake. Kama huna neno jema la kusema juu ya umbo la mwenzako, mfundishe kupiga mbizi.

Turudi sasa Sanje. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama yetu ameamka alfajiri, amefunga chakula, amepanda mlima mzima, na vazi limo mkobani. Yaliyo magumu amekwisha yamaliza. Zimebaki hatua tatu tu kutoka jiweni hadi majini. Na baba, ambaye sasa anatetemeka meno, atoke akae juu ya jiwe: ni zamu yake ya kulinda viatu.