Jiwe linang'aa, lakini je, ni lithium? Namna ya kusoma graniti

Mtu wa Kalemie akiokota jiwe jeupe lenye kung'aa, siku hizi anajiuliza: hii si lithium kama ile ya Manono? Mara nyingi jibu ni hapana. Sababu yake iko ndani ya jiwe lenyewe.

Zamani graniti ilikuwa mawe yaliyoyeyuka, kilometa nyingi chini ya udongo. Huko moto unatoka polepole sana, kwa hiyo punje zinapata wakati wa kukomaa, na jicho linaziona. Lava ya Nyiragongo, kule Goma, inapoa juu ya ardhi haraka. Ndiyo maana punje nyingi za jiwe lake jeusi hazionekani.

Tena punje hazigandi zote mara moja. Ni kama mafuta ya mawese wakati wa baridi: sehemu moja inaganda na kushuka chini, ingine inabaki maji juu. Katika graniti, felspa na mika kwa kawaida zinatangulia. Kwatsi inakuja mwisho na kujaza nafasi zilizobaki, ndiyo sababu haina umbo lake.

Lithium, bati na koltani haziingii vizuri katika punje za kwanza. Zinabaki katika yale maji ya mwisho, zikizidi kukolea. Maji hayo yakipenya katika nyufa za miamba na kuganda, yanazaa pegmatiti, jiwe lenye punje kubwa sana. Pegmatiti ya Manono ilizaliwa hivyo, zaidi ya miaka milioni 900 iliyopita. Wakati wa ukoloni kampuni ya Géomines ilichimba humo kasiterite, jiwe la bati. Leo watu wanaitafuta spodumeni, jiwe la lithium.

Kwa hiyo graniti ya kawaida, hata ikiwa ya zamani sana, si mali ya namna hiyo. Na kung'aa peke yake hakuonyeshi kitu. Jiwe likibanduka kwa ukucha kama karatasi, hiyo ni mika. Likivunjika kama chupa, labda ni kwatsi. Shida iko kwa felspa: inafanana na spodumeni, ijapokuwa spodumeni ni nzito zaidi, na hata mchimbaji mzoefu anaweza kudanganyika.

Basi, kabla ya kutoa feza au kulipa watu wachimbe shimo, jiwe lipelekwe kwanza kupimwa laboratware. Macho peke yake hayatoshi.