Nyanya Moses, Mke wa Mkulima

Katika juma la Pasaka la mwaka 1938, bwana mmoja msafiri, jina lake Louis Caldor, alisimama mbele ya duka la dawa katika mji mdogo wa Hoosick Falls, jimbo la New York, nchi ya Marekani. Dirishani aliona picha kadhaa za rangi: mashamba, nyumba, farasi, na watu wadogo wadogo wakitembea juu ya theluji. Akauliza bei. Akaambiwa dola 3 kwa iliyo ndogo, dola 5 kwa iliyo kubwa. Akazinunua zote, kisha akataka kujua ni nani aliyezichora. Wakamjibu kwamba ni mama mzee wa Eagle Bridge, mjane wa mkulima.

Kesho yake akafika nyumbani, lakini mama hakuwapo. Aliyempokea ni mke wa mwanawe, naye kwa kutaka kumridhisha mgeni akamwambia kwamba picha ziko, zapata kumi. Mzee aliporudi na kusikia ahadi hiyo, usingizi ulimruka, maana hakuwa na hakika kama anazo kumi. Akahesabu: zilikuwa tisa. Basi akatwaa moja iliyokuwa kubwa, akaikata katikati, na mgeni aliporudi akazikuta kumi kamili. Mama aliyetunza nyumba kwa miaka hamsini hashindwi na hesabu ya namna hiyo!

Jina lake alikuwa Anna Mary Robertson. Watu wa Marekani walimwita Grandma Moses, yaani Nyanya Moses, na jina hilo likaenea duniani. Lakini wasomaji wapenzi, sifa hizo zilikuja mwishoni kabisa, alipokuwa karibu na miaka 80. Kabla ya hapo aliishi maisha marefu ambayo hakuna gazeti lililoyaandika, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1860, katika familia ya wakulima yenye watoto kumi. Baba yake alipenda picha, naye aliwanunulia watoto karatasi ili wachore. Rangi hazikuwapo, msichana huyo alitumia maji ya zabibu na ya malimau, na udongo mwekundu. Mchezo huo haukudumu. Alipofika miaka 12 alitoka kwao akaenda kutumika katika nyumba za watu, kupika, kufua na kuuguza wagonjwa, na kazi hiyo aliifanya miaka 15. Wako kati yetu wanaojua vizuri maana ya mtoto wa umri ule kula chakula cha jasho lake katika nyumba isiyo ya mama yake.

Mwaka 1887 akaolewa na Thomas Salmon Moses, kijana aliyekuwa mfanyakazi wa shamba kama yeye. Mara baada ya arusi wakaondoka kwenda kusini, wakakusudia kufika North Carolina, ambako bwana alikuwa ameahidiwa kazi. Njiani wakapumzika Staunton, katika jimbo la Virginia, bonde la mto Shenandoah. Bonde likawapendeza, wakakodi shamba, na ile safari ya North Carolina ikaishia hapo.

Huyo mama hakutaka kukaa akingoja fedha za mume. Kwa akiba yake alinunua ng'ombe, akawa anatengeneza siagi ya kuuza. Baadaye akakaanga viazi vilivyokatwa vyembamba, navyo vikapata wanunuzi. Katika bonde lile alizaa watoto kumi. Watano walikufa wangali wachanga. Mwaka 1905 jamaa iliporudi kaskazini na kununua shamba Eagle Bridge, watoto watano walipanda gari la moshi pamoja na wazazi, na watano walibaki katika udongo wa Virginia.

Mume alifariki mwaka 1927. Miaka michache baadaye binti yake, aliyekaa Bennington, akashikwa na kifua kikuu, na mama akahamia huko kumwuguza. Ni binti huyo mgonjwa aliyemwonyesha picha iliyoshonwa kwa nyuzi za sufu, akamwomba ajaribu kushona moja kama hiyo. Mama akajaribu, akapenda, akashona nyingi. Binti alikufa, na nyanya akabaki kuwalea wajukuu. Ndipo ugonjwa wa viungo ukaanza kumbana vidole, na sindano ikawa mateso. Dada yake akamwambia: kama kushona kunakuumiza, shika brashi. Alipokuwa amepita miaka 75 alianza kuchora kwa bidii, akiulaza ubao juu ya meza kuukuu, huku jikoni mna kazi zake za kila siku. Katika maonyesho ya wilaya alipeleka picha pamoja na matunda na jamu za mkono wake. Matunda na jamu vilipata zawadi. Picha hazikupata kitu!

Bwana Caldor alihangaika kwa zaidi ya mwaka akizunguka na picha hizo katika mji wa New York, na wenye nyumba za sanaa wengi walimkatalia waliposikia umri wa mchoraji. Mwishowe Otto Kallir, aliyekimbia kutoka Austria, akafungua maonyesho mwezi wa Oktoba 1940, akayaita «Alichochora Mke wa Mkulima». Mwezi uliofuata duka moja kubwa la New York likamwalika mama mwenyewe azungumze na watu. Alifika na nguo yake nyeusi na kofia, na chupa za jamu mkononi. Watu walitazamia hotuba juu ya sanaa. Yeye akawaeleza jinsi ya kutengeneza jamu.

Yaliyofuata nayataja upesi. Mwaka 1949 Rais Truman alimkabidhi tuzo, akampigia piano wakati wa chai. Mwaka 1952 kikatoka kitabu cha maisha yake. Picha moja aliyoichora mwaka 1943, inayoonyesha watu wakipika sukari ya utomvu wa miti, iliuzwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni moja.

Wako wataalamu waliosema kwamba picha zake ni kama za mtoto, na kwamba zinaficha ukweli wa shamba: hazina nguzo za simu, hazina trakta, na theluji yake ni nyeupe mno, kama ile tunayoiona kwa mbali juu ya Ruwenzori asubuhi. Maneno yao yana sehemu ya kweli. Alichora dhoruba, alichora mji ukiungua. Ila mazishi sikuyaona katika picha zozote nilizozikuta vitabuni. Nimejiuliza sana jambo hili. Mama aliyewazika watoto wachanga watano, kisha mume, kisha binti, hakusahau. Nadhani alichagua. Katika nyua zake kuna watoto wengi mno, wanakimbia kila upande, na kila ninapotazama najikuta nawahesabu.

Nasi tunao akina nyanya wanaosuka vikapu na kuchora kuta za nyumba kwa udongo mweupe na mweusi. Kuta hizo mvua huzifuta, na wengi wetu hatukuuliza mistari ile ilisema nini.

Siku alipotimiza miaka 100, gavana wa New York aliifanya siku hiyo kuwa yake rasmi. Yeye aliendelea na kazi, na baada ya siku hiyo alichora picha nyingine 25. Mwaka 1961 walimpeleka nyumba ya wagonjwa huko Hoosick Falls, mji uleule wa duka la dawa. Hakupendezwa hata kidogo. Alikificha chombo cha daktari cha kusikilizia moyo, akasema kwamba atakirudisha siku watakapomrudisha Eagle Bridge. Alifariki hapo tarehe 13 Desemba 1961, mwenye miaka 101. Picha yake ya mwisho inaitwa «Upinde wa Mvua».