Karatasi ya RCCM hailindi jina la kahawa yako

Tuseme mama mmoja wa Fataki, huko Ituri, anakaanga kahawa ya milima ya Djugu, anaisaga na kuipeleka Bunia katika pakiti za gramu 250. Pakiti ina jina alilobuni mwenyewe, mchoro wa ng'ombe kando ya kikombe, na sentensi mbili za kusifu ladha. Amepitia Guichet Unique, ofisi ya kusajili biashara, cheti chake cha RCCM kimetundikwa ukutani, naye analala usingizi akiamini jina lake liko salama. Kumbe siku mtu mwingine atakapoleta sokoni pakiti yenye jina lilelile, cheti hicho kitathibitisha tu kwamba mama huyu ni mfanyabiashara halali.

RCCM ni daftari la wafanyabiashara, chini ya sheria za OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012. Jina linalobandikwa kwenye bidhaa, yaani alama ya biashara au marke, lina sheria yake: ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Kanuni yake kuu ni kwamba anayetangulia kuandikisha ndiye mwenye alama. Dosie hupelekwa Kinshasa, kwenye Wizara ya Viwanda, ikiwa na picha ya alama na orodha ya bidhaa. Orodha hiyo ina uzito. Katika mpangilio wa kimataifa wa Nice, wenye makundi 45, kahawa iko kundi la 30 na sabuni kundi la 3, kwa hiyo ukiandikisha kahawa peke yake, usidhani kwamba sabuni pia umeilinda. Ulinzi ni wa miaka 10, kisha unaweza kuuongeza kila unapokwisha.

Si kila jina hukubaliwa. "Kahawa Nzuri" linaeleza bidhaa tu, na kila muuzaji ana haki ya kusema kahawa yake ni nzuri. Majina ya mahali nayo huleta ubishi. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kuandikisha Marekani majina ya kahawa zake Harar, Sidamo na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kikapinga, na mvutano na kampuni ya Starbucks ukaisha kwa makubaliano mwaka 2007. Serikali nzima ilihangaika hivyo. Mfanyabiashara mdogo ni heri abuni neno lisiloeleza kahawa wala kutaja kijiji.

Mchoro na maneno ya pakiti ni habari nyingine. Hivyo viko chini ya hakimiliki, na sheria yake Kongo ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Hapa huhitaji kuandikisha popote: haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini mtunzi ni nani? Kama ng'ombe yule alichorwa na kijana wa kuchora vibao pale Bunia, mtunzi ni kijana huyo, hata kama alilipwa taslimu. Malipo yamenunua kazi ya mkono. Haki ya kuuzalisha mchoro kwenye pakiti elfu ni lazima iandikwe. Karatasi moja inatosha: majina ya wote wawili, mchoro wenyewe umebandikwa, matumizi yanayoruhusiwa, bei, tarehe na sahihi.

Hakimiliki humgusa pia mfanyabiashara asiyechora chochote. Mwenye baa anayepigia wateja muziki anatumia mali ya wanamuziki, na SOCODA, iliyoundwa mwaka 2011, ndiyo inayowakusanyia haki yao. Akija wakala wake, mwombe kitambulisho, lipa, na udai risiti.

Tena kuna mpaka. Bidhaa za Ituri huvuka kwenda Uganda kupitia Mahagi na Ziwa Albert, lakini alama iliyoandikishwa Kinshasa haivuki nazo. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukubadili hilo, na nchi yetu haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika ya Afrika ya kuandikisha alama kwa pamoja. Ila Kongo na Uganda zote zimo katika Mkataba wa Paris: ukiwasilisha ombi lako Kinshasa, una miezi 6 ya kuwasilisha Kampala huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Uganda hulinda kwa miaka 7 mwanzoni, halafu miaka 10 kila unapoongeza.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha pakiti ya kwanza, chagua jina lisiloeleza bidhaa, ulizia Kinshasa kama halijachukuliwa, andikiana na mchoraji, kisha peleka ombi. Hifadhi risiti za uchapaji na picha zenye tarehe. Na kwa kuwa watu wa Djugu wamelazimika mara nyingi kukimbia na kuacha kila kitu nyumbani, nakala za karatasi hizo ziwekwe kwa ndugu aliye mbali na kwenye simu pia. Mahakamani, anayeshinda ni yule mwenye cha kuonyesha.