Nyumba za etaji za zamani Chicago: mambo ya kujua kwa wale wako na familia kule

Familia nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu, Goma na Rutshuru ziko na mutu wao Marekani. Wengi walipita kwanza katika kambi, Nyarugusu kule Tanzania ao Nakivale kule Uganda, kisha wakapelekwa katika inchi ya tatu. Wakipiga video kwa WhatsApp, sisi huku tunaona nyuma yao ukuta mweupe, dirisha refu la mbao, na chini ya dirisha kitu cha chuma chenye mbavu mbavu. Wengi wanauliza: kile chuma ni cha nini?

Kile chuma kinaonyesha kwamba nyumba ni ya zamani. Watu wengi hapa kwetu wanawaza kama kila mutu aliyefika Amerika anakaa katika nyumba mupya ya vioo. Hapana. Katika muji kama Chicago, wageni wengi wanakaa katika majengo ya matofali yaliyojengwa mbele ya vita ya pili ya dunia, kati ya 1900 na 1930. Wakati ule, Bukavu, ile Wabelgiji waliita Costermansville, ilikuwa ingali ndogo sana. Nyumba za namna hiyo ni nguvu, tena ni nzuri. Lakini ziko na hatari moja ile haionekani kwa macho, na watoto wadogo ndio wanaipata kwanza. Tutafika hapo.

Hesabu ya wakimbizi waliopokelewa Marekani kisha 2015 inaonyesha kwamba kwa miaka mingi Kongo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango ule. Lakini wale walifika wako kule, wanahama kutoka apartema moja kwenda ingine, na wanazaa watoto kule. Kwa hiyo mambo haya yanawahusu.

Majengo haya yalitoka wapi?

Mwezi wa 10 mwaka 1871 moto mukubwa uliunguza Chicago. Watu karibu 300 walikufa, na karibu watu 100.000 wakabaki bila nyumba. Muji ulikuwa umejengwa kwa mbao. Kisha moto ule, viongozi wakaanza kukataza nyumba za mbao katikati ya muji, na polepole katika sehemu zingine. Ndiyo sababu leo unaona matofali kila mahali.

Kisha watu wakaja wengi kutafuta kazi. Mwaka 1900 Chicago ilikuwa na wakaaji karibu milioni 1,7. Mwaka 1930 walikuwa zaidi ya milioni 3,3. Ilikuwa lazima kulaza watu wote wale. Wakajenga nyumba za etaji mbili ao tatu, familia moja kila etaji, na majengo makubwa yenye umbo la herufi U, na bustani katikati. Wakati uchumi ulianguka mwaka 1929, ujenzi ukasimama. Majengo yale yangali yamejaa kaskazini ya muji, katika sehemu kama Rogers Park, Edgewater, Uptown na Albany Park, mahali mashirika yameweka wakimbizi wa inchi nyingi kwa miaka mingi.

Mazuri yao ni nini? Kuta ni nene, vyumba ni vikubwa, chini ni mbao ngumu, na mara nyingi bei iko chini kuliko jengo mupya. Kwa familia ya watoto sita, hiyo si jambo kidogo. Mabaya yao: hakuna asanseri, kwa hiyo mama anapandisha mifuko na mutoto mugongoni mpaka etaji ya tatu. Na vitu vingi vya ndani vinaendeshwa kwa ufundi wa miaka mia moja iliyopita.

Chuma chini ya dirisha

Chuma kile ni radiateri. Chini ya jengo, katika kavu, kuko shodieri, ni kusema pipa kubwa la chuma lenye kuchemsha maji. Mvuke unapanda katika mabomba mpaka katika kila chumba. Ukifika mu radiateri unatoa joto, unapoa, unakuwa maji tena, na maji yanateremuka kurudi chini. Hakuna feni. Ni kama mvuke wa sufuria ukigusa mufuniko na kugeuka matone.

Usiku radiateri inaweza kugonga ko! ko! ko! sawa mutu mwenye kupiga nyundo. Wageni wanaogopa. Si wezi, tena si pepo. Ni maji yaliyokwama katika bomba na mvuke unayapiga kwa nguvu. Mara nyingi ni kwa sababu robine ya radiateri imefunguliwa nusu. Kwa radiateri yenye bomba moja, robine inafunguliwa yote ao inafungwa yote. Ikiendelea kugonga, mwenye nyumba ndiye anapaswa kuita fundi. Na kitanda cha mutoto kisikae karibu: chuma kile kinaunguza ngozi.

Baridi ya Chicago si ya kucheza nayo. Mwezi wa kwanza digri zinashuka chini ya sifuri siku nyingi, na tarehe 20 Januari 1985 zilifika karibu 33 chini ya sifuri. Ndiyo sababu sheria ya muji inasema: kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 1 Juni, mwenye nyumba mwenye kusimamia shofaji anapaswa kutoa joto ya karibu digri 20 muchana na karibu digri 19 usiku. Akikosa, mupangaji anapiga namba 311, ile ya huduma za muji. Faini inahesabiwa kwa kila siku.

Sasa, usikie vizuri hapa. Shofaji ikikufa, wengine wanawasha furu ya gazi na kuacha mulango wake wazi, ao wanaleta mbabula ya makala munyumba. Sisi watu wa Kivu tunajua hiyo habari: mutu anafunga madirisha juu ya baridi, analala na mbabula, asubuhi haamki. Gazi ile haina harufu. Na nyumba za kule zinafungwa sana kuliko zetu. Chicago iliweka tangu 1994 sheria ya kuwa na kifaa chenye kulia kikisikia gazi ile. Kifaa kikianza kulia mara moja moja, kila dakika, betri inaisha: badilisha betri, usikitoe kwa ukuta kwa sababu kinasumbua. Kikilia kwa nguvu bila kuacha, wote watoke inje, kisha mupige 911.

Hatari yenye haionekani: rangi ya kale

Zamani, viwanda viliweka plombe katika rangi ya nyumba. Ni madini ile ile ya betri za gari na ya risasi. Iliifanya rangi ikauke haraka na idumu. Marekani ilikataza rangi hiyo kwa nyumba za watu mwaka 1978. Sasa hesabu: jengo la 1920 lilipakwa rangi ya plombe kwa miaka zaidi ya hamsini, moja juu ya ingine. Rangi mupya ya juu inaficha zile za chini tu.

Rangi ikikaa nzima kwa ukuta, haina shida kubwa. Shida ni wakati inavunjika. Na mahali inavunjika sana ni kwa dirisha la mbao lenye kupanda na kushuka. Kila mara unalifungua, mbao inasugua mbao, na vumbi laini inaanguka chini. Mutoto wa mwaka mmoja anatambaa pale, anaweka mikono mu kinywa. Maganda ya rangi vilevile yako na utamu kidogo, kwa hiyo watoto wanaweza kuyatafuna.

Plombe inaharibu ubongo wa mutoto. Anachelewa kusema, anashindwa kutulia, masomo yanamushinda. Wazazi wanaweza kusema ni mutoto mugumu, kumbe ni sumu. Mara nyingi hakuna homa, hakuna kidonda, hakuna alama hata moja. Na madaktari hawajui kiasi chochote cha plombe ambacho ni salama kwa mutoto.

Si maneno ya kutisha bure. Mwaka 2000, katika jimbo la New Hampshire, mutoto musichana wa miaka miwili kutoka familia ya wakimbizi wa Sudani alikufa kwa plombe, wiki chache tu kisha kufika. Walikuwa wamepewa apartema ya zamani yenye rangi yenye kubanduka. Kisha, mwaka 2004, katika jimbo lile lile, watoto wakimbizi kutoka Afrika walipimwa mara ya pili miezi michache kisha kufika, na wengi wakakutwa na plombe ile hawakukuja nayo. Waliipata munyumba.

Ndiyo sababu madaktari wa kule wanaomba damu ya mutoto mukimbizi ipimwe akifika, na kwa wale wadogo, ipimwe tena kisha miezi mitatu mpaka sita. Mama mwingine anasema: "Walishamupima, kwa nini wanatoa damu tena?" Jibu ni hili: kipimo cha kwanza kinaonyesha alichotoka nacho kambini, cha pili kinaonyesha kile nyumba inamupa. Usikose cha pili. Na mutoto aliyezaliwa kule, katika Chicago anapimwa akiwa na mwaka mmoja na tena miaka miwili.

Munyumba, mambo ya kufanya si magumu:

– Pangusa madirisha na chini kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mukavu unarusha vumbi juu.
– Osha mikono ya watoto mbele ya kula na mbele ya kulala. Viatu vibaki ku mulango.
– Usikwangue rangi wewe mwenyewe. Piga picha, andikia mwenye nyumba, na akinyamaza piga 311.
– Lisha mutoto vizuri. Mutoto mwenye njaa ao mwenye kukosa chuma katika damu anapokea plombe zaidi. Maharage, sombe, sambaza zenye kuliwa na mifupa yake, na machungwa, vinasaidia.
– Mbele ya kutia sahihi kwa kontra, sheria inalazimisha mwenye nyumba iliyojengwa mbele ya 1978 akupe karatasi juu ya plombe. Omba mutu akusomee.

Maji pia. Chicago ililazimisha mabomba ya plombe kati ya njia na nyumba mpaka mwaka 1986, na ndiyo muji wenye mabomba mengi ya namna hiyo katika Marekani, karibu 400.000. Yako zaidi kwa nyumba ndogo kuliko kwa majengo makubwa. Asubuhi, acha maji ya baridi yatiririke dakika chache mbele ya kunywa. Usipike bugali wala maziwa ya mutoto kwa maji ya moto ya robine. Namba 311 inakuletea kipimo bila kulipa.

Mulango wa nyuma

Karibu kila apartema ya zamani ya Chicago iko na mulango mbili: mmoja wa mbele, na mwingine wa jikoni wenye kutoka kwa ngazi za mbao nyuma ya jengo. Ngazi zile ni njia ya kukimbia moto. Wageni wengi wanaweka pale masanduku, kinga ya watoto, viti na mifuko ya muchele. Siku ya moto, hakuna pa kupita.

Tena baraza zile za mbao hazikujengwa kwa sherehe. Tarehe 29 Juni 2003, katika sehemu ya Lincoln Park, baraza ya etaji ya tatu ilianguka ikiwa imejaa vijana wenye kufanya karamu, ikaangukia zile za chini. Watu 13 walikufa. Sisi tunapenda kukusanyika: ndoa, matanga, maombi. Kusanyikeni munyumba ao katika sala ya kukodi. Baraza ni ya kupita. Wala mbabula isiwashwe pale juu ya mbao.

Mupangaji iko na haki

Wengi wanaogopa kusema, wanawaza watafukuzwa. Kule, mwenye nyumba hawezi kubadilisha kufuli ao kutupa vitu vyako inje kwa nguvu yake. Anapaswa kupita tribinali. Muji wa Chicago uko na sheria ya wapangaji tangu 1986. Inahusu apartema nyingi, isipokuwa majengo ya apartema sita ao chini ambamo mwenye nyumba mwenyewe anakaa. Lakini haki inataka ushahidi. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, tia tarehe, chunga picha, omba risiti ya garanti. Na kwa hospitali, kama Kiingereza kinakushinda, omba mutu wa kutafsiri Kiswahili. Mutoto wa miaka tisa asiwe mutafsiri wa habari ya damu ya mudogo wake.

Na sisi huku?

Habari hii haiko ya Chicago peke yake. Bukavu, Uvira, Kalemie na Kindu ziko na nyumba nyingi za wakati wa Wabelgiji, na rangi za wakati ule zilikuwa na plombe katika inchi nyingi. Ukitaka kukwangua ukuta wa kale, loanisha kwanza, watoto na mama mwenye mimba wakae mbali, kisha pangusa kwa maji. Tena, uchunguzi uliofanywa Kameruni ulionyesha kwamba sufuria zenye kuyeyushwa kutoka vyuma vya kutupwa zinaweza kutoa plombe katika chakula. Udongo ule wamama wenye mimba wanapenda kula unaweza pia kuwa na plombe. Wale wanaotuma sufuria na udongo kwa ndugu zao wa Amerika wafikiri mara mbili.

Mara ingine ukiongea na mutu wako wa kule, usiulize paka juu ya kazi na pesa. Uliza nyumba yao ilijengwa mwaka gani, rangi ya dirisha inabanduka ao hapana, na mutoto alipimwa damu mara ngapi. Kama hajui, amuulize mwenye nyumba na daktari wiki hii.